Naibu Waziri aliahidi kumalizia zahanati yetu: ahadi yake ina nguvu gani?

*"Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati katika kijiji kimoja wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Tulijenga boma kwa nguvu zetu mpaka kwenye lenta. Mwaka juzi Naibu Waziri wa Afya alipita kwenye ziara, akashuka, akakagua, akasema mbele ya mkutano wa hadhara kwamba Serikali itamalizia. Tulipiga vigelegele. Mpaka leo hatujaona hata bati moja. Mkurugenzi wa Halmashauri anasema hana barua yoyote inayohusu ahadi hiyo, na naibu mwenyewe amehamishiwa wizara nyingine. Wazee wanasema tulikosea, tungesubiri Waziri kamili. Kijana wetu aliye chuo anasema naibu naye yumo kwenye Baraza la Mawaziri, kwa hiyo neno lake ni amri ya Serikali. Nani mkweli? Na kama naibu hana nguvu, kwa nini tuna manaibu wengi hivi, mpaka tuliwahi kuwa na Naibu Waziri Mkuu?"*

Ndugu katibu, hongereni kwa kufika kwenye lenta kwa michango na mikono yenu, na poleni kwa kusubiri. Mnataka kujua kama mtu mliyemwamini alikuwa na mamlaka ya kuahidi alichoahidi, na kama ahadi ile bado ipo sasa kwa kuwa ameondoka. Ahadi ilikuwa halali, na haikuondoka naye. Lakini haikuwahi kugeuka kuwa fedha, kwanza kwa sababu naibu waziri hashiki mfuko, na pili kwa sababu wizara aliyotoka siyo inayojenga zahanati. Hili la pili halijatajwa na wazee wala na kijana wenu, nami naona ndilo lililowachelewesha zaidi.

Nianze na kijana. Kwenye Baraza la Mawaziri amekosea. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 1977 inawataja wajumbe wa Baraza: Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Rais wa Zanzibar na Mawaziri wote, kikao kikiongozwa na Rais. Ibara ya 55 inampa Rais uwezo wa kuteua Naibu Mawaziri, idadi yoyote anayoona inafaa, baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, kisha inasema wazi kwamba Naibu Mawaziri si wajumbe wa Baraza hilo. Kazi yao imeelezwa kwa maneno machache: kuwasaidia Mawaziri kutekeleza kazi na madaraka yao. Kwa hiyo naibu hana fungu lake la madaraka. Anachofanya anakifanya kwa kutumwa, ndani ya mipaka ambayo Waziri wake amempa.

Wazee nao wana ukweli nusu. Waziri ana uzito ambao naibu hana: anakaa Barazani, ndiye anayesaini kanuni pale sheria inaposema "Waziri atatunga kanuni", na ndiye anayesoma hotuba ya bajeti ya wizara Dodoma. Lakini hata Waziri hatii saini hundi. Mwenye dhamana ya fedha za wizara ni Katibu Mkuu, ambaye kisheria ndiye Afisa Masuuli. Kwenye halmashauri yenu, Afisa Masuuli ni Mkurugenzi. Hawa ndio wanaoulizwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa nini shilingi fulani ilitumika, na wakilipa kitu kisichokuwemo kwenye bajeti wanawajibika wao wenyewe. Mkurugenzi anapowaambia hana barua, msimchukulie kwamba anawazungusha. Anawaeleza hali halisi ya ofisi yake: kwake yeye, neno lililosemwa kwenye mkutano wa hadhara na lisifuatwe na barua wala kifungu cha bajeti, halina pa kuandikwa. Angesimama Waziri kamili siku ile, safari ya ahadi ingekuwa ileile.

Nguvu ya naibu, basi, iko wapi hasa? Iko Bungeni. Naibu waziri lazima awe mbunge, na vikao vya Bunge hufunguliwa asubuhi kwa maswali, ambayo kwa sehemu kubwa hujibiwa na manaibu. Msikilizeni anavyoanza: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri wa Nchi, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge…" Maneno hayo "kwa niaba ya" ndiyo yanayobeba kila kitu. Jibu linalofuata limeandaliwa na wataalamu wa wizara na kupita mikononi mwa wakubwa wake kabla hajasimama kulisoma, na likisomwa linaingia kwenye Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge. Ibara ya 53 inasema Mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, wanawajibika kwa pamoja Bungeni kuhusu utekelezaji wa shughuli za Serikali. Kwa hiyo sentensi ileile, "Serikali itatenga fedha mwaka ujao wa fedha," ikisemwa chini ya mwembe kijijini inabaki kwenye kumbukumbu za waliohudhuria. Ikisemwa na naibu huyohuyo mbele ya Spika, inakuwa jibu la Serikali nzima, na mbunge yeyote anaweza kulirejea mwaka unaofuata hata kama aliyelisoma hayupo tena wizarani.

Ziarani mambo ni tofauti, na hapa nawaomba mkumbuke maneno yenyewe aliyoyatumia, kwa sababu manaibu huzungumza kwa namna tatu ambazo masikioni mwa wananchi huwa kitu kimoja. Akisema "nimelipokea" au "nitalifikisha", hajaahidi kitu zaidi ya kupeleka habari. Akisema "naielekeza Halmashauri itenge fedha", ametoa maelekezo kwa Mkurugenzi, na maelekezo ya namna hiyo hutakiwa kuonekana kwenye taarifa ya ziara inayoandikwa na ofisi ya Mkuu wa Wilaya au Katibu Tawala wa Mkoa. Akisema "Serikali italeta fedha", ameizungumzia Hazina, na hapo bila kifungu kwenye bajeti hakuna kitakachotokea. Mlipiga vigelegele kwa lipi kati ya hayo? Afisa Mtendaji wa Kijiji akiwa aliandika muhtasari wa siku ile, utafuteni leo. Kama hakuandika, huenda kuna mtu aliyerekodi kwa simu, au gari la matangazo la halmashauri lilikuwepo na afisa habari wake ana picha na video.

Sasa niwaeleze habari ya wizara. Wizara ya Afya inasimamia sera, miongozo na hospitali kubwa, zikiwemo hospitali za rufaa za mikoa. Kwa mkoa wenu hiyo ni Maweni, pale Kigoma mjini. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, na halmashauri zinasimamiwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Naibu Waziri wa Afya akiahidi kumalizia boma la zahanati, anaahidi kitu ambacho fedha yake hupita kwenye fungu la ofisi nyingine. Haimaanishi aliwadanganya. Yeye ni sehemu ya Serikali moja, na angeweza kabisa kumwandikia mwenzake wa TAMISEMI. Lakini ahadi hiyo inahitaji hatua moja ya ziada, barua kutoka wizara moja kwenda nyingine, na hatua ya namna hiyo ndiyo husahaulika msafara ukishaondoka. TAMISEMI ina manaibu waziri wake, na pia ina Naibu Katibu Mkuu anayeshughulikia afya. Msiwachanganye. Naibu Waziri ni mwanasiasa na mbunge. Naibu Katibu Mkuu ni mtumishi wa umma anayeshughulika na mafaili, miongozo na fedha, na kwa jambo kama lenu barua inayofika mezani kwake ina faida kuliko salamu zinazofika kwa Naibu Waziri. (Ukisoma habari za Kanada usichanganyikiwe: kule cheo chenye jina la naibu waziri ni cha mtumishi wa umma wa juu kabisa wizarani, sawa na Katibu Mkuu wetu.)

Mmeuliza kwa nini basi tuwe na manaibu wengi. Sababu ya kwanza ni kazi yenyewe. Waziri mmoja hawezi kuwa kwenye Baraza, kwenye kamati ya Bunge, kwenye kikao cha maswali na Kasulu kwa siku moja. Pale ambapo wizara ni pana, manaibu hugawana sekta, mmoja elimu na mwingine afya. Ya pili ni malezi. Unaibu ni mahali ambapo mbunge hujifunza mafaili, bajeti na kuhojiwa kabla hajapewa wizara. Majirani zenu wa Tabora wana mifano miwili mizuri kutoka Nzega. Hamisi Kigwangalla alikuwa Naibu Waziri wa Afya kuanzia mwaka 2015, na 2017 akapewa uwaziri, lakini wa Maliasili na Utalii, wizara nyingine kabisa. Hussein Bashe aliteuliwa Naibu Waziri wa Kilimo mwaka 2019 chini ya Japhet Hasunga. Hasunga alipoondoka, nafasi haikuangukia kwa Bashe. Aliletwa Adolf Mkenda, na Bashe akaendelea kuwa naibu mpaka Januari 2022 alipofanywa Waziri. Hapo mnaona kwamba naibu harithi kiti. Waziri akiondoka, Rais anaanza upya kuteua. Ukweli ni kwamba Waziri Mkuu akijiuzulu, Mawaziri na Naibu Mawaziri wote wanaondoka naye, kama ilivyotokea Februari 2008 Edward Lowassa alipojiuzulu.

Kuna sababu ya tatu ambayo sitaificha: vyeo vya unaibu hutumika pia kuleta uwiano wa mikoa, jinsia na makundi ndani ya chama. Hilo lina gharama zake. Kila mbunge anayeingia serikalini ni sauti moja iliyopungua kati ya wale wanaoweza kuihoji Serikali kwa uhuru, kwa sababu naibu waziri hasimami kuuliza swali dhidi ya Serikali yake. Nionavyo mimi, Katiba kusema "idadi yoyote" bila kikomo ni udhaifu. Uingereza wameweka kikomo kwa sheria ya mwaka 1975: wenye vyeo vya uwaziri, wakubwa kwa wadogo, wanaoruhusiwa kukaa na kupiga kura katika Bunge lao la wawakilishi hawazidi 95.

Kuhusu Naibu Waziri Mkuu: cheo hicho hakimo kwenye Katiba yetu. Salim Ahmed Salim aliwahi kukishika miaka ya 1980, Augustino Mrema miaka ya 1990, kisha kikakaa muda mrefu bila mtu hadi tarehe 30 Agosti 2023 Doto Biteko alipoteuliwa. Wote watatu walipewa pamoja na wizara: Ulinzi, Mambo ya Ndani, Nishati. Mamlaka yao ya kisheria yalitoka kwenye uwaziri huo. Unaibu Waziri Mkuu uliongeza kazi ya kuratibu na uzito wa kisiasa, haukuongeza kifungu cha sheria. India walifika mahakamani kwa jambo hilihili. Devi Lal aliapa mwaka 1989 akijitaja kuwa Naibu Waziri Mkuu, watu wakapinga kiapo, na Mahakama ya Juu ikaona kwamba kisheria alikuwa waziri kama mawaziri wengine. Kenya walikuwa nao wawili kuanzia 2008, Uhuru Kenyatta na Musalia Mudavadi, kwa sababu ya kugawana madaraka baada ya machafuko ya uchaguzi, na Katiba yao ya 2010 haikukiendeleza cheo hicho. Boris Johnson alipolazwa Aprili 2020, aliyeshika usukani Uingereza alikuwa Dominic Raab, na wala hakuwa na cheo cha Naibu Waziri Mkuu.

Tofautisheni hao na wasaidizi ambao Katiba imewapa kiti chao wenyewe. Makamu wa Rais anarithi kweli: Rais John Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19. Makamu pia haruhusiwi kuwa mbunge, na hilo mliliona hapo jirani. Philip Mpango alipothibitishwa kuwa Makamu mwaka huohuo, jimbo la Buhigwe lilibaki wazi na uchaguzi mdogo ukafanyika Mei. Naibu Spika naye huchaguliwa na wabunge wenyewe, na Waziri au Naibu Waziri hawezi kuchaguliwa kushika nafasi hiyo, maana hawezi kuendesha kikao kinachomhoji. Hata yeye harithi: Job Ndugai alipojiuzulu Januari 2022, Tulia Ackson aliyekuwa Naibu Spika ilibidi agombee kama wengine, akachaguliwa tarehe 1 Februari.

Turudi kwenye boma. Acheni kumfuata naibu aliyehama. Kule alikohamia hana tena hata ile sauti ya kutumwa na Waziri wa Afya. Ifuateni ahadi kwenye njia ya bajeti, na kwa wakati wake. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Bunge hupitisha bajeti kati ya Aprili na mwisho wa Juni, halmashauri hukamilisha rasimu zake mwanzoni mwa mwaka, na vijiji huibua vipaumbele miezi michache kabla ya hapo. Mkipeleka barua mwezi Mei, mmechelewa mwaka mzima. Hili ndilo kosa ninalolihofia kuliko yote, kwa sababu mtajibiwa vizuri, kwa heshima, na hakuna kitakachoingia.

Pelekeni jambo hili kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji unaofuata, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Muhtasari utaje hatua ya boma, thamani ya nguvu za wananchi, tarehe ya ziara na maneno ya naibu. Muhtasari uende kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani, kisha halmashauri. Hakikisheni mnaandikia halmashauri sahihi, maana Kasulu kuna ya Wilaya na ya Mji. Barua kwa Mkurugenzi iwe na nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Mkuu TAMISEMI, Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya na mbunge wenu. Kwa Wizara ya Afya ombeni kitu kimoja tu: iandike kwa TAMISEMI kuthibitisha ahadi iliyotolewa. Ombi dogo lenye jibu la ndiyo au hapana hujibiwa mapema kuliko malalamiko ya kurasa nne. Pigisheni muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Mkitaka kuona taarifa ya ziara ile, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku zisizozidi 30 kuwajibu.

Wakati huohuo mwombeni mbunge aulize swali la msingi, alielekeze TAMISEMI, alitaje boma kwa jina la kijiji na kata. Swali la jumla, "Je, Serikali ina mpango gani kuhusu zahanati Kasulu?", litapata jibu la jumla. Akiuliza "ni lini Serikali itapeleka fedha za kumalizia boma la zahanati la kijiji fulani lililofikia lenta", naibu atalazimika kutaja mwaka au kueleza kwa nini hawezi. Mbunge ana nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na moja kati ya hayo linafaa kuwa kuhusu ahadi ya ziarani. Mbunge huyohuyo ni mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo. Fedha zake ni kidogo na majimbo ni makubwa, lakini kwa mabati na mbao huwa unasaidia haraka kuliko Hazina.

Kabla ya yote hayo mwiteni mhandisi wa halmashauri alikague boma na kuandika makadirio ya gharama. Majengo mengi ya wananchi hukwama kwa sababu vyumba havifuati ramani ya zahanati iliyotolewa na TAMISEMI, au msingi hautoshi, na hilo likigundulika fedha zikishafika, hurudi zilikotoka. Fedha ya Serikali ya kumalizia boma moja la zahanati imekuwa ikitajwa Bungeni mara nyingi kuwa shilingi milioni 50. Kama makadirio yenu yanazidi hapo, mjue mapema nani ataziba pengo. Funikeni vichwa vya kuta pia. Mvua za Kigoma zikipita misimu miwili juu ya matofali yasiyo na paa, kozi za juu zinalegea na lenta inaanza kupasuka.

Naweza kuwashauri hivi kwa maandishi mpaka hapo. Kuna mambo mawili yanayohitaji mwende ana kwa ana. Kama kiwanja cha zahanati kina mgogoro au hakuna maandishi ya aliyekitoa, nendeni kwa mwanasheria wa halmashauri na afisa ardhi kabla ya bati la kwanza kupigiliwa. Na kama kwenye vitabu vya halmashauri mtakuta fedha za boma lenu zilishapokelewa na ninyi hamkuziona, msigombane na mtu yeyote ofisini: chukueni nakala mlizonazo, mwende wawili au watatu wa kamati ofisi ya TAKUKURU wilayani. Nje ya hayo, mtu wa kuanza naye ni mchumi wa halmashauri. Mwulizeni swali moja: zahanati yetu ipo kwenye mpango wa mwaka ujao, ndiyo au hapana, na kama ipo, ni kwa kiasi gani?